Ns1 na ns2 kwenye seva moja: majina mawili, roho moja

Swali: Nimekodi seva, nimeweka BIND (programu ya neimseva, yaani seva inayowajibu wanaouliza domeni iko IP gani), nikaunda neimseva mbili, ns1 na ns2, za domeni yangu ya .co.tz, zote zikielekea IP ya seva hiyohiyo. Nikiiuliza seva yenyewe kwa dig, amri ya kuuliza neimseva, inajibu vizuri, lakini watu wa nje hawaipati domeni. Fundi aliniambia nisubiri saa 48 isambae. Leo ni siku ya tisa. Sasa anataka niongeze pesa ninunue IP ya pili. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Pesa yako iache mfukoni kwanza, na kusubiri uache pia. Hakuna kinachosambaa. Seva za watoa huduma wa intaneti hutunza majibu ziliyokwisha kupewa kwa muda ulioandikwa kwenye TTL, namba inayokuja na kila jibu. Muda ukiisha, zinauliza upya. Domeni ambayo haijawahi kupatikana haina jibu la zamani la kungoja siku tisa. Kuna kazi haijafanyika, basi.

Kazi yenyewe ni hii. Neimseva zako zina majina yaliyomo ndani ya domeni ileile zinayoihudumia. Mtu wa nje akitafuta domeni anaambiwa akamuulize ns1. Ns1 yuko wapi? Anaambiwa aiulize domeni. Anabaki kuzunguka hapohapo. Kinachokata mzunguko ni rekodi ya gundi, yaani IP ya ns1 iliyoandikwa ngazi ya juu, kwenye rejista ya .tz. Ukiiandika kwenye faili lako la zoni, yaani orodha ya rekodi za domeni iliyo kwenye seva yako, peke yake haitoshi, maana hakuna anayeweza kufika kwenye faili hilo. Ingia kwa msajili aliyekuuzia domeni, tafuta sehemu ya kusajili hosti, weka jina na IP. Kama huioni, mwandikie akufanyie. Kisha piga `dig +trace` kutoka kompyuta nyingine uone njia inakatikia wapi. Na poti 53, mlango wa maswali haya, ifungue kwa njia zote mbili za kusafirisha data, UDP na TCP. Hii ya pili wengi huisahau, halafu majibu marefu yanakwama.

Hapo utakuwa na ns1 inayopatikana. Sasa turudi kwenye hiyo IP ya pili, kwa sababu ndiyo inayonikera kila wiki.

Rejista nyingi hudai neimseva mbili. Fundi anajua fomu inaweza kukataa IP moja iliyorudiwa, kwa hiyo anakuuzia ya pili, anaibandika kwenye mashine ileile, na fomu inapita. Umelipa na hujapata kitu. RFC 1034, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1987, ulitaka kila zoni ipatikane kwenye seva zisizopungua mbili ili moja ikianguka nyingine iendelee kujibu. RFC 2182 ya mwaka 1997 ikafafanua kwamba ziwe mahali tofauti na kwenye mitandao tofauti. IP mbili zinazoingia kwenye kadi moja ya mtandao, zikila umeme mmoja, huanguka pamoja.

Niliwahi kuitwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Tovuti yao ilikuwa kwenye seva ya namna hii. Barua pepe zilikuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa, nje ya nchi, nzima bila tatizo lolote. Ijumaa mchana diski ya seva ikafa. Tovuti hata hawakuiulizia. Kilichowaumiza ni kwamba barua pepe ziliacha kuingia, na hawakuelewa kwa nini, maana huko hakuna aliyegusa kitu. Lakini rekodi ya MX, inayowaambia wengine barua zipelekwe wapi, ilikuwa kwa ns1 na ns2, na zote mbili zilikuwa kwenye diski ile. Nyaraka za meli zikakaa foleni kwenye seva za watumaji hadi Jumapili, huku makontena yakihesabiwa siku.

Hata wakubwa wameonja. Januari 2001 Microsoft ilikuwa na seva nne za DNS (mfumo huu wa kugeuza majina ya domeni kuwa IP) nyuma ya sehemu moja ya mtandao. Mpangilio wa ruta ukakosewa, tovuti zake zikapotea karibu siku nzima. Na jioni ile ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilipozimika kwa takribani saa sita, neimseva za Facebook, mmiliki wake, zilikuwa hai, ila zote zilitegemea mtandao wake yenyewe, na mtandao huo ulikuwa umekatika.

Kama una seva moja tu, DNS iache kwa msajili wako. Si aibu, na tovuti itabaki kwenye seva yako vilevile. Kama unataka neimseva zako kweli, tafuta mashine ya pili, hata ndogo kabisa, kwa mtoa huduma mwingine na ikiwezekana mji mwingine. Ifanye inakili zoni kutoka ya kwanza, na ruhusu kunakili kwa IP hiyo tu. Kila ukibadilisha rekodi, ongeza namba ya toleo kwenye SOA, rekodi inayofungua faili la zoni: kama ni 2025031401, iwe 2025031402. Ukisahau, seva ya pili itaendelea kutoa majibu ya jana, na nusu ya wateja wako watapelekwa kwenye anwani ya zamani.

Na wewe msomaji mwingine uliyeajiri fundi, angalia pia kama ameacha `recursion`, yaani seva kumtafutia muulizaji majibu ya domeni za wengine, wazi kwa dunia nzima. Nakutana na hili mara nyingi, kwa sababu watu wananakili mipangilio bila kuisoma. Seva kama hiyo hutumiwa na wahuni kurusha mafuriko ya data kwa watu wengine, na malalamiko yanakuja kwa jina lako wewe uliyekodi. Kwa neimseva ya domeni yako, iwe `recursion no;`.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho, mwambie azime seva ya kwanza mbele yako kwa dakika kumi. Wewe chukua simu, zima WiFi, tumia data, na uiulize IP ya seva ya pili kuhusu jina la domeni yako. Isipojibu, hajamaliza kazi.