Barua kwa Mwanangu: Mtu Akiachiwa, Aachiwe

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Hamisi,

Assalamu alaykum. Sauti uliyotuma nimeisikia, mama yako ameisikia, na kaka yako Salim kaisikia huku akiongea juu yake kama kawaida yake. Kwa kifupi umeuliza hivi: mkaza mwanangu anapanda treni ya umeme Ijumaa kwenda Dodoma kwenye semina, anarudi Jumapili usiku, wewe unabaki Tabata na watoto wawili. Je, umwite mdogo wako Zuhura aje alale hapo mpaka mwenyewe arudi, au watoto uwapeleke kwa mama mkwe wako Mbagala? Nikakuambia nitakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu mama yako hunipokonya maneno. Nimeandika kwenye daftari, Salim atazipiga picha kurasa akurushie.

Zuhura anafaa. Ana mikono ya mama yako na watoto wanampenda. Mama mkwe wako pia sina neno naye. Lakini nikianza kupima nani anafaa kuliko nani nitakuwa nalikwepa lililonijia niliposikia sauti yako, nalo ni siku zile za Oktoba 1999. Wewe unazijua kwa kusimuliwa, na msimuliaji mkuu ni shangazi yako, ambaye alikuja Jumamosi usiku lakini anasimulia kuanzia Ijumaa asubuhi.

Mwalimu Nyerere alifariki London siku ya Alhamisi, tarehe 14. Rais Mkapa akatangaza, bendera zikashushwa nusu mlingoti, nchi ikaingia kwenye maombolezo ya siku 30. Jioni hiyohiyo ikaja habari nyingine, hii ya kwetu: mama mdogo wako amejifungua kwa upasuaji Muheza na hana wa kumwuguza. Hospitali si pahala pa kupeleka watoto watatu. Salim alikuwa darasa la kwanza, wewe ulikuwa na miaka 4, Zuhura hajafika miwili na ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Bandarini nikabadilishana zamu na mwenzangu. Ijumaa alfajiri mama yako akasimama mlangoni akasema, "Unga uko kwenye debe, mafuta ya taa yanakaribia kwisha, Zuhura akilia mpe kanga yangu." Akaenda stendi. Hakugeuka.

Ndiyo maana nasema, na utanisikia tena: mtu akiachiwa, aachiwe. Mama yako aliniachia. Walioshindwa kuniachia ni wengine.

Tuanze na uji, maana huo shangazi yako anausimulia vibaya. Miaka yote nilimwona mama yako akipika uji nikadhani nimejua. Nikachemsha maji mpaka yakatokota, nikamimina unga mkavu juu yake. Ukashikana papo hapo, madonge madonge, nje yameiva, ndani ukiuma unga unakutimkia mdomoni. Salim akachungulia sufuriani akasema, "Mama hukoroga kwanza na maji baridi kwenye bakuli." Mtoto wa darasa la kwanza! Nikauchuja kwa chujio la chai, nikatia sukari na karanga za kusaga, mkanywa. Wewe ukaomba tena. Huenda uliomba sukari, sijui, lakini uliomba tena, na hilo kwenye simulizi ya shangazi yako halimo.

Kabla ya adhuhuri sahani ya kwanza ikaingia, imefunikwa kawa. Wali wa nazi na changu wa kupaka, kutoka kwa jirani wa mkono wa kulia. Alasiri ikaja bada na mchuzi wa papa kutoka nyumba ya pembeni. Magharibi, maandazi na mbaazi. Watu wema, Mwenyezi Mungu awalipe, wengine wameshatangulia mbele ya haki, na wallahi ule mchuzi wa papa mpaka leo sijapata kuuonja mwingine kama ule. Lakini nilikuwa nakula nikiwaza. Mimi nilifanya zamu za usiku bandarini miaka nenda rudi, mama yako anabaki na ninyi, mmoja ana homa, mwingine anatapika, na sijawahi kusikia kwamba sahani imeingia. Yeye akibaki peke yake, ni Jumanne ya kawaida. Mimi nikibaki peke yangu, ni msiba mdogo ndani ya msiba mkubwa. Na kila aliyeleta sahani alinipa pole kwa sauti ya chini, "Pole, baba Salim." Pole ya nini? Watoto wangu, nyumba yangu, mke wangu yuko Muheza anakunywa chai na mdogo wake.

Sala ya Ijumaa sikwenda. Nilisali adhuhuri chumbani, na nilipokwenda sijida wewe ukanipanda mgongoni ukisema "twende, twende". Nikabaki chini mpaka uliposhuka mwenyewe. Nilipomweleza imamu baadaye alicheka, akanikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipandwa vivyo hivyo na mjukuu wake katikati ya sala, akairefusha sijida asimharakishe mtoto. Nikaridhika.

Sasa Jumamosi. Redio yetu ilikuwa imekufa, na Salim anajua nani aliidondosha. Mimi nataka kusikia mwili wa Mwalimu unaletwa lini. Mtaani ni nyimbo za maombolezo na hotuba zake za zamani, ukipita dirisha hili unamsikia, ukifika lile unamsikia tena. Wanaume wote wako kijiweni, kwenye kahawa. Zuhura nikimweka chini analia, nikimbeba mikononi mkono mmoja unakufa ganzi na mwingine unahitajika kuwashika ninyi. Nikachukua kanga ya mama yako. Nikainama, nikamlaza mgongoni, nikamfunika, nikavuta pembe mbele. Mwanamke hufunga kifuani, fundo likakaa. Langu kila nikilifunga linateleza kuja tumboni, na mtoto anateremka nalo. Mwishowe nikapitisha pembe moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, nikapiga fundo la bandarini, lile la kufungia boti. Likashika. Zuhura akalaza shavu mgongoni kwangu, kimya.

Kanga ilikuwa na maneno yake, na mimi sikuyasoma. Yako mgongoni, utayasomaje?

Nilipofika, muuza kahawa alibaki ameinamisha dele na kahawa inamwagika nje ya kikombe. Mzee mmoja akainuka, akavaa miwani, akanizunguka taratibu, akasoma kwa sauti kama katibu wa mkutano: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Taifa liko msibani, marehemu mwenyewe anahutubia redioni, na watu wazima wanajishika mbavu. Kijana mmoja akauliza nitanyonyesha saa ngapi. Hapo yule mzee wa miwani akamgeukia: "Baba wa Taifa mnamlilia, baba wa watoto mnamcheka?" Wakanyamaza wote. Nikasogezewa nafasi kwenye benchi, wewe na Salim mkapewa kashata, nami nikasikia nilichokifuata, kwamba mwili utafika Dar es Salaam Jumatatu.

Nimefanya kazi nyingi maishani, nimewahi hata kupewa cheti cha mfanyakazi bora, cheti mama yako alikitandika kwenye kabati la vyombo. Lakini kutembea kutoka kijiweni kurudi nyumbani jioni ile, mtoto amelala mgongoni na fundo halijalegea, hakuna cheti kinachofikia hapo.

Kwa hiyo kijiwe hakikuniuma. Kilichoniuma kilikuja baada ya isha, kwa miguu, kutoka Mikanjuni, maana habari za kanga zilimfikia shangazi yako kabla kahawa haijapoa. Hakupiga hodi, kwa kaka yake hapigi. Akakuta mafuta ya taa yamekwisha, sufuria moja limeungua, wewe umelala sakafuni na kipande cha kashata mkononi, na Zuhura ameanza kile kilio cha usiku cha kumtaka mama yake. Akanyoosha mikono. "Lete mtoto, kaka. Mtoto si kazi ya kujifunzia." Akamchukua, akaondoka naye. Kanga akaiacha kitandani.

Ningesema nini? Ni dada yangu mkubwa, alinibeba mimi mgongoni nikiwa mdogo kuliko Zuhura. Tena neno lake lina ukweli, mtoto si kazi ya kujifunzia. Lakini niambie, hiyo kazi inafundishwa wapi? Chuo chake kiko wapi? Mama yako alijifunzia kwa Salim, hapohapo, usiku kwa usiku, na hakuna aliyemnyooshea mikono akamwambia lete. Mtu akiachiwa, aachiwe. Nimemwambia shangazi yako hivyo mara nyingi. Huniitikia "ndiyo kaka" na kubadili mazungumzo.

Usiku ule ninyi wawili mlilala vizuri. Mimi sikulala. Alfajiri, adhana bado, nikasikia hodi. Naam, safari hii alipiga hodi. Macho mekundu, Zuhura kifuani anapiga mateke. "Chukua mwanao. Usiku kucha ni baba, baba." Nikamfunga kanga, na kabla sijakaza fundo alikuwa ameshalala. Leo shangazi yako anashikilia kwamba mtoto alililia kanga, kwa sababu ilikuwa na harufu ya mama yake, wala hakunililia mimi. Mama yako naye yuko upande wake. Huenda. Ila neno lililotoka lilikuwa baba, na aliyeniletea ni yeye mwenyewe, kabla hajapata muda wa kulitengeneza.

Hapa naomba niseme jingine lililokaa moyoni. Alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, kazini kwenu walikupa siku 3, uzichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa, ndivyo ilivyo kwenye sheria ya ajira ya mwaka 2004. Mkeo alipata 84. Binamu yako wa Mombasa, kwa sheria yao ya 2007, alikaa nyumbani wiki 2. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba. Wewe siku ya saba ulikuwa umesharudi ofisini, ukaja kwenye akika na kadi ya kazini shingoni. Halafu mtu huyo huyo akiachiwa watoto Ijumaa mpaka Jumapili, watu wanashangaa hajui nepi ziko wapi. Sikulaumu wewe. Nasema tu kwamba mwenzako ana uzoefu wa miaka, na wewe hujapewa hata wiki.

Najua utakachonijibu. Baba, unasema aachiwe, na wewe ulikula sahani za watu. Kweli nilizila, na lau zisingekuja mngeshindia uji. Wala sikuambii ujifungie ndani. Mtoto akipata homa, mbio hospitali, usisubiri mama yake arudi. Akiharisha, maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko, umpe kidogo kidogo huku mnaelekea. Jirani akileta sahani, pokea, na usiirudishe tupu. Kupokea sahani ni jambo moja na kumtoa mtoto ni jingine. Shangazi yako anasema tofauti ni ndogo, mimi najifanya naiona kubwa. Labda, lakini yeye hakulala peke yake na ile kanga.

Na mkeo mwambie kwa upole asipige simu kila saa kuuliza wamekula nini. Mama yako hakuwa na simu, na nadhani hiyo ilinisaidia kuliko sahani.

Kuhusu Zuhura, sitakuamulia. Nyumba ni yako, na wewe si mtoto. Nimemwahidi mama yako kwamba sitatoa hukumu, naye amekaa hapa anasoma juu ya bega langu kuhakikisha. Ninachokijua ni kwamba Zuhura akifika Ijumaa, kabla jua halijazama wewe utakuwa mgeni nyumbani kwako, maana yule ni shangazi yake mtupu. Kwa mama mkwe wako hata sisemi. Basi, mimi sijasema kitu. Lakini kama ni lazima aje, aje Jumapili mchana, usiku wa Jumamosi umeshapita, na aje apikiwe.

Mama yako anasema nimeandika kurasa zote hizi na hujajibiwa. Amekufungia dagaa na unga wa muhogo, vinakuja kwa basi la Jumatano. Ukavichukue mapema, mara ya mwisho dagaa walilala stendi.

Wasalaam,
Baba yako