Niliingia Mtaani kwa Waya wa Umeme

Kwa miaka minne nilifungua meza yangu ya kurekebisha simu Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, saa mbili na nusu asubuhi, nikaifunga saa moja jioni, nikatembea hadi Ngara, nikalala. Bei ya kioo cha simu yoyote nilikuwa nayo kichwani. Jina la mama aliyeniletea chai kila siku sikulijua. Mimi nilimwita Mathe, yeye akaniita Fundi, na hakuna kati yetu aliyeona kasoro.

Kisha mwenzetu mmoja wa mkokoteni akafariki. Wafanyabiashara wa jengo letu wakaitisha mchango wa kumsafirisha nyumbani, Jumapili asubuhi, pale chini mlangoni. Mimi sikuwa nimekuja kwa mchango, nilikuja kumalizia simu ya mteja. Nikiwa juu nikasikia maiki inakohoa: neno moja linatoka, matatu yanamezwa. Msemaji alipoanza kupiga kelele kama makanga wa matatu, nikashuka na waya wangu wa ekstensheni wa mita kumi na kifaa cha kulehemu. Nilifungua pini ya maiki, nikaunga uzi uliokatika, nikarudi juu. Dakika tano. Jumapili iliyofuata mtu akanibishia meza: "Fundi, ule waya upo?" Kumbe nilikuwa nimeshaingia mtaani bila kujua.

Naandika haya kwa sababu vijana wawili wanaouza spika ghorofa ya tatu waliniuliza majuzi jinsi ya kuanza kushiriki shughuli za hapa tao, yaani katikati ya jiji. Walidhani kuna mahali pa kujiandikisha.

Hakuna. Kuna kazi ndogo ambazo hakuna anayezitaka, na anayezichukua ndiye anayeitwa tena. Mimi nilijifunza hilo vibaya. Baada ya ile maiki nilivimba kichwa. Katika mkutano wangu wa kwanza wa wafanyabiashara nilisimama na karatasi nne zilizochapwa: tamasha la muziki la siku mbili, wadhamini, jukwaa, taa. Wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu mzee mmoja anayeuza redio tangu enzi za kaseti akaniuliza, "Na viti, kijana, nani atarudisha?" Watu wakacheka, nami nikakaa chini. Leo naona lilikuwa swali zuri kuliko karatasi zangu zote nne. Viti vya kukodi huhesabiwa vikitoka na huhesabiwa vikirudi, na kinachopungua hulipwa na aliyetia sahihi. Mwezi uliofuata nilijitolea kuvisimamia. Vilipungua vitatu, nikalipa vitatu, na tangu siku hiyo nikisema jambo mkutanoni watu huandika.

Jambo la pili ni saa. Huku kwetu ni mtaa wa mchana. Wanaolala kati ya River Road na Tom Mboya Street ni wachache mno ukilinganisha na wanaochumia hapo, kwa hiyo jirani yako si aliye nyuma ya ukuta wa chumba chako cha kulala. Ni muuza chaja, mvuta mkokoteni, kinyozi, mama wa chapati, makanga, na askari wa usiku ambaye humwoni kwa sababu anaingia ukitoka. (Huyo askari wa usiku, mfahamu kwanza. Anajua taa gani haiwaki na mfereji gani unafurika kuliko ofisi yoyote.) Ukiitisha shughuli Jumamosi alasiri umeshawafukuza wote, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya kuuza. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane wenzetu Waislamu wako Jamia. Januari watu wana karo, usiwaitishe hata sarafu. Jumapili asubuhi, kabla ya saa nne, ndipo barabara inapopumua. Ukitaka wa makanisani pia, ngoja saa nane.

Kama hujui pa kuanzia kabisa, nenda ukatoe damu. Sisemi mzaha. Hema la kuchangia damu husimamishwa mara kwa mara karibu na jengo la Archives, lile la nyaraka za taifa, unapita hapo kila siku ukikimbilia matatu. Uwe na miaka kati ya 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50, uwe umekula. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Utapewa soda, na ukiwa umekaa pale na pamba mkononi utazungumza na mtu usiyemjua. Wawili kati ya watu ninaofanya nao kazi hii nilikutana nao kwenye viti hivyo.

Kutoka hapo, bustani ya Jeevanjee ni dakika chache kwa miguu. Saa ya chakula cha mchana bustani ile ina wahubiri upande mmoja na wabishi wa siasa upande mwingine, wale wanaojiita Bunge la Mwananchi. Nenda usikilize wiki mbili kabla ya kufungua mdomo. Bustani yenyewe ni somo. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, na mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuichimba na kuijenga. Zarina Patel, mjukuu wake, aliongoza kampeni ya kuuzuia, watu wakapiga kelele, na ndiyo sababu leo kuna nyasi za kulalia mtu aliyechoka kutafuta kazi. Mimi nilikula viazi karai pale miaka mingi nikidhani ni ya serikali tu.

Maktaba ya McMillan, ile ya simba wa mawe Banda Street, nayo usiipite. Ilifunguliwa mwaka 1931, na miaka yake ya kwanza Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk limeshughulika kuifufua pamoja na zile ndogo za Kaloleni na Makadara, na kwenye mambo ya vitabu na watoto mikono ya ziada huwa haikataliwi. Mimi si mtu wa vitabu sana, nilienda kupanga viti. Unaona, viti tena.

Sasa usafi wa mazingira, na hapa nina donge kooni. Kila mgeni wa shughuli za mtaa huanza na kusafisha mto. Picha hutoka nzuri: fulana mpya, glavu, mto wa Nairobi nyuma. Tulienda sehemu moja chini ya Ngara, watu zaidi ya hamsini, tukajaza magunia tangu asubuhi hadi saa saba. Ofisi moja ilikuwa imetuahidi lori. Lori halikuja Jumamosi, halikuja Jumapili. Jumatatu nikapiga simu, nikaambiwa dereva yuko njiani. Usiku wa Jumanne mvua ikanyesha, na Jumatano nikashuka kuangalia. Magunia yalikuwa yamepasuka na taka zetu zilikuwa zinaelea kuelekea Gikomba, tena sasa zimekusanyika pamoja, zinasafiri kama familia.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye usafi, kabla hujauliza fulana ni rangi gani, uliza lori ni la nani, linakuja saa ngapi, na nani ana namba ya dereva. Kama jibu ni "tunashughulikia", pendekeza kazi ndogo zaidi: mfereji mmoja, kichochoro kimoja, taka ambazo mkokoteni mmoja wa kulipwa unaweza kuzimaliza siku ileile. Sisi siku hizi tunalipa mkokoteni. Na ukipanda miti, panda mvua za masika zinapoanza, mwezi wa tatu au wa nne, au zile za vuli kuanzia Oktoba, na uandike jina la mtu atakayeinywesha ikikauka. Shuka mpaka Michuki Park, karibu na mzunguko wa Globe, uone inavyowezekana. Pale palikuwa jaa na gereji kabla ya kusafishwa mwaka 2008, na miti imesimama kwa sababu kuna watu walioshika mpira wa maji baada ya kamera kuondoka.

Ruhusa nitaieleza haraka, maana inachosha, ila ukiiruka utalia. Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Andika jina lako kamili, unapopatikana, mahali, tarehe na saa, na saa hizo ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mara ya kwanza tulipeleka ikiwa imebaki siku moja, tukarudishwa, na hatukuwa na la kujitetea. Spika kubwa zina kibali chake tofauti. Nami nafanya kazi katika barabara ya spika, kwa hiyo naomba uniamini: kanjo, askari wa kaunti, wakija kuchukua vyombo, hawatasikia kwamba ulikuwa mchango wa mazishi.

Lakini shughuli ambayo vijana wanaidharau, na mimi naiweka juu kuliko tamasha lolote, ni ushirikishwaji wa umma. Kile kikao cha ukumbini chenye maji ya chupa na watu wanaosinzia. Kaunti hairuhusiwi kupitisha bajeti bila kutusikiliza, Katiba ya 2010 inasema hivyo. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Maana yake ukienda mwezi wa sita kulalamikia taa, umechelewa. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hukamilika kufikia mwisho wa Februari, na hapo ndipo unga unapokandwa.

Mwaka wa kwanza nilienda nikaongea kwa uchungu kuhusu kichochoro cha nyuma ya jengo letu, wanawake wawili walikuwa wameporwa simu humo kwa wiki moja. Nilipigiwa makofi. Ripoti ilipotoka, kichochoro hakikuwamo hata kwa koma. Mwaka wa pili niliongea dakika moja tu, ila nilikuwa na kurasa mbili: kichochoro kiko wapi, nguzo ngapi, taa ngapi zimekufa tangu lini, na sahihi za wafanyabiashara arobaini na mmoja. Nikataka mapokezi wagonge muhuri. Askari wa usiku ndiye aliyenihesabia taa. Tuliwekewa mbili. Moja imeshazimika, nimeanza kurasa nyingine.

Mipaka uijue pia: Tao yetu iko wadi ya Nairobi Central, eneo bunge la Starehe, na kaunti nzima ina wadi 85. Ukienda kulia kwa mwakilishi wadi ambaye si wako atakusikiliza vizuri sana na hatafanya kitu. Ngara ni wadi nyingine, mimi mwenyewe nalala kwa mmoja na nachuma kwa mwingine.

Na wanasiasa watakuja, hasa uchaguzi wa 2027 ukikaribia. Siwafukuzi. Nawapa dakika tano, nasimama na maiki mkononi mwangu, na mchango wao unaingia kwenye akaunti ya kikundi kama wa mtu mwingine yeyote. Pesa zisipitie simu ya mtu binafsi, hata awe shemasi, na taarifa itumwe kwenye kundi la WhatsApp jioni ileile watu wakiwa bado wanakumbuka walichotoa. Tuliwahi kugombana kwa shilingi mia nane miezi mitatu. Jengo zima. Wakubwa na akili zao.

Dada zangu wananiambia niongeze hili: mikutano ya kuisha saa moja usiku inawafungia nje. Anayeshukia Kayole au Githurai hatabaki kupiga kura ya ajenda ya tisa wakati nauli inapanda na giza linaingia. Tulipoanza kukutana saa moja asubuhi, kabla ya kufungua maduka, wanawake wakawa wengi kuliko sisi, na Mathe akachaguliwa mweka hazina. Ndipo nilipojua jina lake, kwenye karatasi ya kura. Bado ananiita Fundi, na chai sasa nalipa mwisho wa wiki.

Waya wangu? Uliazimwa wiki mbili zilizopita na watu wa Pangani kwa sherehe ya kina mama wa soko. Nikiupigia simu naambiwa umevuka mtaa wa Ziwani. Nimenunua mwingine, wa mita ishirini, nikauandika jina kwa rangi nyekundu, na wale vijana wawili wa ghorofa ya tatu ndio watakaoubeba Jumapili hii. Waje saa kumi na mbili na nusu. Viti vinafika saa moja.