Mwanga wa kijani uliopita angani usiku: kwa maelezo hayo ni kimondo

Ndugu aliyeuliza kama mwanga wa kijani uliogeuka rangi ya chungwa, aliouona ukikata anga kwa sekunde chache, ni satelaiti iliyoanguka, kwa maelezo yake nadiriki kusema ni kimondo. Satelaiti inayoungua huingia katika hewa ya dunia kwa takriban kilomita 8 kwa sekunde, hivyo huonekana ikijikokota na kumeguka kwa muda mrefu. Kimondo huja kwa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na mara nyingi huwa kimekwisha kabla hujamwita mwenzako atazame.

Nami nilijaliwa kuona cha namna hiyo ufukweni Pangani, katikati ya Desemba, majira ambayo dunia hupita katika vumbi la asteroidi Phaethon, mwamba unaozunguka jua, na vumbi hilo huleta vimondo. Kilichonishika zaidi ni vivuli: vivuli vya ngalawa zilizopandishwa mchangani vilizunguka kana kwamba mtu amepita mbio na karabai, kisha giza likarudi, na juu ukabaki mstari wa kijivu uliopindishwa taratibu na upepo wa huko.

Rangi hizo ni za kweli kabisa. Madini ya magnesi yaliyomo katika jiwe la kimondo hutoa kijani cha samawati, sodiamu hutoa manjano iliyokolea, na hewa yenyewe ikipata joto kali huongeza wekundu.

Ninalotamani kila mmoja alijue ni kwamba baada ya mwanga kuzimika jambo bado halijaisha. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3, kwa hiyo mshindo wa kimondo kikubwa kilicho mbali juu angani unaweza kufika baada ya dakika kadhaa. Huko Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013, watu walisogelea madirisha kutazama mwanga, na mshindo ulipofika ukavunja vioo. Waliojeruhiwa walizidi 1,000. Thika nako, Julai 2011, milio ilisikika na mawe yakaokotwa. Basi baki nje, mbali na vioo, usikilize.

Kwako muuliza swali, kabla hujasikia masimulizi ya wengine, rudi pale pale uliposimama, uandike saa, kilitokea juu ya mti au paa gani na kikazimikia wapi, kisha upeleke taarifa kwa International Meteor Organization, shirika la kimataifa la wafuatiliaji wa vimondo, wanaopokea kutoka nchi yoyote. Wakipata mashuhuda wa sehemu mbalimbali, huweza kukokotoa njia kilimopita na mahali mawe yake, kama yapo, yalipoangukia.