Linux ipi kwa kompyuta ya kazi? Angalia kwanza ratiba ya masasisho

Ndugu yangu, umeuliza uweke distro gani ya Linux (yaani mkusanyiko upi wa Linux na programu zake) kwenye kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8, utakayoitumia kuandikia programu na kuchorea ramani, na waliotangulia wamekushauri uanze na Arch. Mimi ni mchora ramani hapa Dodoma, na jambo la kwanza ninaloliangalia ni mfumo unataka kusasishwa mara ngapi. Sura yake huja baadaye sana.

Arch haina matoleo. Programu mpya huingia karibu kila siku, na ukiiacha kwa wiki kadhaa unakuta mzigo mkubwa wa kupakua. Nilianza nayo nikiwa nimepanga chumba Nkuhungu, nikitegemea bando la simu. Jioni moja umeme ulikatika wakati kerneli mpya (kiini cha mfumo) inaandikwa kwenye diski. Uliporudi, skrini ilibaki nyeusi, ikiwa na mstari mmoja tu uliosema kwamba faili la kerneli halionekani. Ilinibidi niazime laptopu ya jirani, nitengeneze fleshi ya kuwashia, kisha nisakinishe kerneli upya kwa kupitia fleshi hiyo. Nilimaliza saa nane usiku, na ramani ya mteja ilikuwa inatakiwa asubuhi. Siilaumu Arch, kwa kuwa ni mimi niliyechukua mfumo unaodai umeme na bando nisivyokuwa navyo. (UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, inunue kabla hata ya kuanza kubishana kuhusu distro.)

Nikahamia Debian. Toleo lake thabiti hutoka takriban kila baada ya miaka miwili, na katikati hapo huletewa hasa marekebisho ya usalama na ya hitilafu, ambayo bando dogo linayamudu. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi chake huja na faili za kuendeshea kadi nyingi za waifai, ambazo zamani tulilazimika kuzisaka wenyewe. Gharama yake ni kwamba programu huzeeka: QGIS iliyomo, programu ninayochorea ramani, hubaki nyuma, nami nikaongeza hazina (ghala la programu la mtandaoni) ya watengenezaji wa QGIS wenyewe, huku mfumo uliobaki nikiuacha ulivyo.

Fedora hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na kulihudumia kwa miezi 13 hivi. Ingefaa zaidi kama kompyuta yako ingekuwa mpya kabisa. Kwa kuwa unatoka Windows, ningekuwa wewe ningeanza na Linux Mint, iliyojengwa juu ya matoleo ya Ubuntu yanayohudumiwa kwa miaka mitano, na yenye Timeshift ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa jana ukiharibika.

Kabla ya kusakinisha, iwashe kutoka kwenye fleshi na ujaribu waifai, sauti na printa. Printa yangu kuukuu ilitambuliwa kabla sijainuka kitini. Skana iliyo juu yake haijatambuliwa hadi leo.