Besi chache zinazomjenga mpiga besi

Wadogo zangu mnaoshika gitaa la besi hapa Mwanza, swali mnaloniuliza kila mara ni hili: nijue nyimbo ngapi ndipo nipande jukwaani? Nawajibu kwamba idadi haina kazi. Mpiga besi hujengwa na nyimbo chache alizozipiga mpaka mkono ukabadilika tabia. Nyimbo mia za kubabaisha zinamwacha palepale. Chagueni wimbo wa kujifunzia besi kwa kuangalia mkono wenu unakosa nini.

Anzeni na pambio. Wengi wenu mnapiga kanisani, na mnaichukulia pambio kama kitu cha kupitia tu mkielekea kwenye nyimbo ngumu za kwaya. Kodi zake, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja, ni tatu: moja, nne, tano, ukihesabu kutoka noti ya msingi ya wimbo. Ugumu wake uko kwingine. Pambio huanzishwa na mama aliyesimama katikati ya ibada bila kupewa sauti, na sauti yake huangukia popote, leo A flati, Jumapili ijayo F shapu. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha kuhamisha ki, yaani ile noti ya msingi, na vidole vyake vinaendelea palepale alipozoea. Wewe huna kitufe. Una masikio na mpini.

Kwa hiyo jifunze pambio bila kutumia uzi mtupu, yaani usiobanwa na kidole, hata mmoja. Moja yako ikiwa kwenye uzi wa E, ule mnene kabisa, nne iko freti ileile (freti ni vile vyuma vinavyokata mpini) kwenye uzi wa A unaoufuata, na tano iko freti mbili mbele ya hiyo nne. Umbo hilo halibadiliki popote unapolihamishia. Mwimbishaji akipandisha ki nusu sauti katikati ya wimbo, unasogeza mkono freti moja na maisha yanaendelea. Na usitafute ki kwenye neno la kwanza. Subiri amalize mstari, kwa sababu pambio nyingi hutua kwenye moja. Punguza sauti ya gitaa, pitisha kidole taratibu kwenye uzi wa E mpaka ukutane na noti aliyotua nayo, ndipo uongeze sauti. Aliyeiva kwenye pambio hatishwi na ki yoyote, na hilo wapo waliosomea muziki darasani ambao hawana.

Mkishatulia hapo, nendeni kwenye benga, muziki wa magitaa wa Waluo. Sisi watu wa ziwa hatuna kisingizio cha kutoijua. Daniel Owino Misiani, aliyeipeleka bendi ya Shirati Jazz mbali akiwa Kenya, alikuwa mzaliwa wa upande wa Shirati, mkoani Mara, kwa hiyo tunazungumzia muziki wa jirani yetu kabisa. Katika benga besi haijifichi nyuma. Gitaa la solo linafuata mwendo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ngoma ya mguu inagonga kila pigo bila kukosa, na besi inapata nafasi ya kuchomoka katikati, inajibizana na solo, wakati mwingine inaifuata sauti ya mwimbaji karibu neno kwa neno.

Hapa ndipo ninapotaka mkae muda mrefu kuliko kwingine kote. Benga inafundisha urefu wa noti. Anayeanza huhangaika na mahali noti inapoanzia, na hajiulizi inakufa wapi. Sikiliza vizuri besi ya benga: noti nyingi zinakatwa mapema, na ule ukimya mfupi unaofuata ndio unaomwinua mtu kwenye kiti. Kazi hiyo inafanywa na mkono wa kushoto. Kidole hakitoki kwenye uzi, kinalegea tu kiasi cha kuuzima. Chukua kipande kimoja cha mizunguko miwili, kipige noti zote zikiwa ndefu, kisha kipige uleule mwendo ukikata kila noti nusu, kisha changanya. Utashangaa kuona noti ni zilezile na muziki ni mwingine kabisa. Mimi namtambua mpiga besi kwa jambo hili kabla sijamsikia akipiga hata pambo moja.

Somo hilohilo la ukimya lipo kwenye ngoma. Ukisikia ngoma za Wasukuma, kwa mfano wakati wa sherehe ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana, usikae upande wa wachezaji tu. Sogea kwa wapiga ngoma, usikilize ile ngoma kubwa inapoacha kupigwa.

Baada ya benga, muziki wa dansi. Bendi za Msondo na Sikinde zinatosha kukulea miaka. Sehemu ya mwanzo ya wimbo ina maneno na kodi zinazotembea, na vijana wengi wanaimudu. Mtihani ni chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu. Waimbaji wanakaa pembeni, magitaa yanafumana, na wewe unarudia kipande kilekile dakika nne, dakika tano. Mkono unachoka, akili inaanza kutafuta pambo. Usiliweke. Kwenye kumbi za harusi za huku watu wamenyanyuka kwa sababu ya kile kipande, na ukikibadilisha unawavunjia hatua. Jirekodi kwa simu ukipiga chemko, halafu sikiliza dakika ya kwanza na ya mwisho tu. Ukiona umekimbia, rudia kesho.

Za nje nitazipitia haraka. Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 2024, atakufundisha kuimba besi kabla ya kuipiga. Mistari yake mtu anaweza kuitoa kwa mdomo akiwa anatembea barabarani. James Jamerson wa kampuni ya muziki ya Motown, kule Detroit, Marekani, alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye sahani za santuri, mpaka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Yeye anafundisha namna ya kutoka kodi moja kwenda nyingine ukipitia noti zisizo kwenye kodi. Lakini msimkimbilie. Noti zake nyingi mikononi mwa mtu ambaye hajashika mapigo zinakuwa kelele tu. Na yupo Bakithi Kumalo wa Soweto, Afrika Kusini, aliyepiga besi isiyo na freti kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, mwaka 1986. Kila kijana anataka kile kipande chake cha kasi cha sekunde chache, ambacho nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa studio ikachezwa kinyumenyume. Jifunzeni besi ya wimbo mzima. Ndiyo iliyompa nafasi ya kile kipande.

Jambo moja kuhusu kusikiliza. Uzi mtupu wa E unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Unachosikia ni mivumo ya juu ya noti tu, na ndiyo maana wengi wananakili besi wakakosea oktavu, yaani wakapiga noti ya jina lilelile ya juu au ya chini zaidi, au wakaruka noti za chini kabisa. Tafuta hedifoni za kufunika masikio, hata za kuazima, au nenda kasikilize kwenye spika kubwa za kanisa siku za kazi, ukiwa umemwomba fundi mitambo kwa adabu. Umeme ukikatika usiweke gitaa chini. Gusisha kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao na upige. Mbao itatetemeka na utaisikia besi yako vizuri kabisa, tena bila kusumbua majirani.

Na mazoezini fika mapema, waimbaji wakiwa bado njiani. Mwombe mpiga drams naye afike. Robo saa nyie wawili tu, ngoma ya mguu na besi, pambio moja kwa mwendo wa polepole mno, kisha mwendo wake, kisha muwaachie wengine waingie juu yenu mmoja mmoja.