Muulize Shangazi: Kitana cha moto na ukungu wa Tukuyu

*Shikamoo Shangazi. Bibi ameniachia kitana chake cha shaba, kile cha kupasha kwenye jiko la mkaa. Jumamosi nilichoma nywele zikalala singa kabisa. Jumapili natoka kanisani, zimesharudi kipilipili, na mvua haikunyesha, ni ukungu tu. Kitana kimechoka, au niongeze moto? Na ni kweli kilivumbuliwa na Madam C. J. Walker, yule Mmarekani mweusi aliyetajirika kwa bidhaa za nywele? – Msomaji, Tukuyu*

Marahaba mwanangu. Kitana cha bibi hakina kosa, mwizi wako ni huo ukungu. Unywele ni keratini, yaani aina ya protini, na ndani yake mna viungo vidogo dhaifu vinavyoushikilia mkunjo. Moto huvilegeza, meno ya kitana huunyoosha unywele ungali laini, ukipoa vinashikana upya hivyohivyo ulivyolala. Sasa maji nayo huvilegeza, na si lazima yawe ya mvua, unywele hunywa hata unyevu wa hewani. Kwenu Tukuyu hewa yenyewe ni maji! Dawa ya kulainisha haiogopi ukungu kwa kuwa huvunja viungo vingine vigumu zaidi, lakini siipigii debe. Nina kovu lake utosini.

Moto usiongeze. Niliongeza mimi, enzi nikitengeneza nywele barazani Mwanjelwa. Mteja ana harusi, baridi ya Julai inauma, nikakisahau kitana mkaani kwa soga. Kukipitisha, kikaja na nywele zake: kishungi kizima kinaning'inia kwenye meno, kinanuka kama kwato za mbuzi jikoni. Nilirudisha hela na kilemba nikamnunulia juu.

Tangu siku hiyo kitana changu hupita kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Kikiacha alama ya kahawia, kinasubiri. Nywele ziwe kavu kabisa, zifumuliwe kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda kwenye shina. Mafuta kidogo tu, yakizidi yanachuruzika ya moto hadi sikioni. Ukitoka, jifunge kitambaa. Na usichome kila wiki, maana mkunjo ulioungua haurudi hata ukiuosha.

Walker alikifanya kijulikane sana Marekani, hakukivumbua. Alizaliwa 1867, na miaka ya 1870 Ufaransa walikuwa tayari wanatengeneza nywele kwa vyuma vya moto.

*Shangazi, nimefumua sweta la mtumba nimfumie mwanangu kofia. Uzi umejikunja kama tambi. Niupitishe kitana? – Mama wawili, Iringa*

Usithubutu, mwenzangu. Kitana kitang'oa nyuzi fupi zote, ubaki na uzi mwembamba wa kukatika. Kwanza choma kipande kidogo. Kikinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, hiyo ni sufu, keratini ileile ya kichwani mwako, na maji yatainyoosha. Zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uloweke maji ya vuguvugu, ukamue bila kuusokota, kisha uuning'inize na kikombe cha bati chini kiuvute. Kwa baridi ya Iringa, upe siku mbili.

Kikiyeyuka na kuganda donge gumu jeusi, umeuziwa plastiki. Iloweke vilevile, ila pasi ikae mbali.