Maswali ya Wasomaji: Vyuo vya Marekani vina mamilioni, mkimbiaji wetu anapata nini?

Kocha wa chuo kimoja cha Marekani anamtaka kijana wangu akakimbie mbio za nyika, lakini ufadhili anaompa ni asilimia 40 tu. Nasoma kwamba vyuo hivyo huingiza mamia ya mamilioni ya dola kwa michezo. Mbona wana mkono mfupi hivyo?
*Mzazi, Iten*

Fedha zipo, ila haziingii kwa mlango wa riadha. Idara ya michezo ya University of Texas iliingiza zaidi ya dola milioni 330 katika mwaka wa 2023-24, na mlezi mkuu wa idara kama hizo ni futiboli ya Kimarekani: haki za televisheni, tiketi, wadhamini, na michango ya matajiri wanaotoa kitita ili wapate viti vizuri uwanjani. Mpira wa kikapu wa wanaume hufuata kwa mbali. Riadha, kuogelea, tenisi na mieleka hukaa mezani kula; hazileti chochote jikoni.

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikipokonya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, mamlaka ya kuuza mechi za futiboli kwa televisheni. Tangu hapo miungano ya vyuo, inayoitwa konferensi, inajiuzia yenyewe. Konferensi ya Big Ten ilisaini mwaka 2022 mikataba ya miaka 7 na vituo vya televisheni vya Fox, CBS na NBC inayozidi dola bilioni 7. NCAA yenyewe inaishi kwa mashindano ya kikapu ya mwezi Machi. Kila mechi ambayo timu inacheza humo, ukiacha fainali, huiletea konferensi yake fungu linalolipwa kidogo kidogo kwa miaka 6, jumla karibu dola milioni 2. Mbio za nyika hazina fungu la namna hiyo, hata ukishinda taifa zima.

Sasa hiyo asilimia 40. Kwa miaka mingi kanuni za daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu kati ya tatu za NCAA, ziliipa timu ya riadha ya wanaume ufadhili kamili 12.6, na ya wanawake 18, kwa riadha na mbio za nyika pamoja. Kocha mwenye vijana 35 alilazimika kuukata mkate huo vipande. Vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa 2025, uliotokana na suluhu ya kesi ninayoieleza katika jibu linalofuata, havibanwi tena na hesabu hiyo. Vinabanwa na ukubwa wa kikosi, yaani 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha, na kila aliyemo anaweza kulipiwa yote. Anaweza, nasema, kwa sababu bajeti ni ya chuo na vingi havijaongeza hata senti. Vyuo ambavyo havikujiunga vimebaki kwenye hesabu ya zamani.

Usikubali neno la simu. Ile barua ya nia waliyokuwa wakisaini wanamichezo kuahidi kujiunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024. Kinachokifunga chuo leo ni mkataba wa ufadhili wenye sahihi ya ofisi ya fedha za wanafunzi. Usome ukitafuta mambo manne. Ni asilimia au ni dola kamili? Karo hupanda karibu kila mwaka, na dola 15,000 zilizoandikwa leo zitabaki 15,000. Ni wa mwaka mmoja au minne? Unahusu karo peke yake, au na hosteli, chakula na vitabu? Na je, chuo cha serikali kitamtoza karo ya wakazi wa jimbo au ya watu wa nje, ambayo mara nyingi ni mara mbili au zaidi? Asilimia 40 ya karo ya nje inaweza kukuachia deni kubwa kuliko kutopewa chochote kwa karo ya wakazi.

Asilimia 60 iliyobaki itakufuata hadi ubalozini. Fomu ya I-20, ambayo chuo hutoa kabla ya viza, lazima ionyeshe gharama zote za mwaka na zinakotoka. Pengo hilo mtalijaza kwa taarifa za benki zenu, na hapo ndipo safari nyingi hukwama mwezi Julai huku masomo yakianza Agosti.

Ni kweli kwamba wachezaji wa vyuo sasa wanalipwa mishahara? Vijana ninaowafundisha kurusha mkuki na kukimbia wanauliza.
*Mwalimu wa michezo, Arusha*

Wanalipwa, ingawa vyuo vinakwepa neno mshahara. Tangu Julai 2021 mwanamichezo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa matangazo. Kisha tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo: chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26, na wanamichezo waliocheza tangu 2016 watalipwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa miaka 10. Sehemu kubwa ya fidia inatokana na NCAA kupunguza mgao wake kwa vyuo vyote vya daraja la kwanza, kwa hiyo hata chuo kidogo kisichojulikana kwenye televisheni kinachangia.

Mgao ambao vyuo vingi vikubwa vinaukaribia ni asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 kwa wengine wote. Mkimbiaji yumo kwenye hao wengine wote. Asisafiri akitegemea hela hiyo.

Isitoshe, dola milioni 20.5 lazima zitoke mahali, na timu zisizoingiza fedha ndizo zinazoguswa kwanza. Washington State, chuo ambacho Henry Rono alikuwa mwanafunzi wake alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, kilitangaza Juni 2025 kwamba kinaacha michezo ya kuruka na kurusha, kinapunguza mbio fupi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Chuo hicho kilikuwa kimeshaumia konferensi yake ya Pac-12 ilipovunjika. Kwa wakimbiaji wako hiyo si habari mbaya. Kwa wa mkuki, waambie watafute vyuo vingi zaidi, na daraja la pili pia. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Tahadhari kuhusu matangazo: viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu kufanya kazi nje ya chuo bila kibali. Kijana anayepiga picha za tangazo la viatu akiwa Texas anahatarisha viza yake, hata kama NCAA haina neno. Amwone kwanza mshauri wa wanafunzi wa kigeni, si kocha.

Niko mwaka wa kwanza, nina ufadhili kamili, lakini akaunti yangu chuoni inaonyesha deni la dola 1,260 la kodi. Ni kosa?
*Mwanafunzi wa Kitanzania, Texas*

Si kosa. Karo na vitabu vya lazima havitozwi kodi, ila hosteli na chakula vinahesabiwa kuwa kipato chako, na mgeni mwenye F-1 hukatwa asilimia 14. Ikiwa hosteli na chakula ni dola 18,000 kwa mwaka, kodi ni 2,520, yaani 1,260 kwa muhula. Kwa kuwa hupokei fedha mkononi, chuo kinailipa serikali kisha kinakudai wewe. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia.

Lilipe au uombe kulipa kwa awamu, maana deni likikaa chuo hukufungia usajili wa muhula unaofuata, na F-1 inakutaka uwe na angalau krediti 12 za masomo kwa muhula. Mwanzoni mwa mwaka utapewa fomu 1042-S, inayoonyesha kipato chako na kodi uliyokatwa. Itumie kujaza 1040-NR, fomu ya hesabu ya kodi kwa wageni. Viwango halisi vya kipato kama hicho ni asilimia 10 na 12, hivyo mara nyingi sehemu ya ile 14 hurudi. Wengi hawajazi, na hela yao inabaki huko.

Vyuo vinafaidika nini, ikiwa vingi vinapata hasara?
*Msomaji, Mombasa*

Jina, hasa. Chuo cha Alabama kilipomchukua kocha wa futiboli Nick Saban mwaka 2007 kikaanza kutwaa mataji, wanafunzi wa majimbo mengine, ambao karo yao ni ya juu, waliongezeka hadi kuwapita wenyeji. Lakini si kila mfano unashika. Boston College husifiwa kwamba pasi maarufu ya mchezaji wake wa futiboli, Doug Flutie, ya mwaka 1984 iliwaletea waombaji wa nafasi za masomo, lakini waombaji walikuwa wameshaanza kuongezeka kabla ya pasi hiyo.

Hasara nayo ni ya kujitakia mara nyingi. Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher Novemba 2023 huku mkataba ukiidai bado imlipe zaidi ya dola milioni 75. Ohio State, yenye moja ya bajeti kubwa kuliko zote, ilimaliza mwaka wa 2023-24 ikiwa na upungufu wa takriban milioni 38. Vyuo vidogo huziba pengo kwa ada ya michezo anayotozwa kila mwanafunzi, hata asiyewahi kufika uwanjani.

Wakala anataka asilimia 10 ya ufadhili wa binti yangu. Nilipe?
*Mama, Eldoret*

Hapana, mama. Malipo yanayopimwa kwa ukubwa wa ufadhili yanavunja kanuni za NCAA na yanaweza kumfungia binti. Ada maalumu ya kutuma video na matokeo yake kwa makocha inaruhusiwa, ilimradi ni ile ile apate au asipate. Kiasi kiandikwe kabla ya kazi kuanza, na risiti ibaki kwako.